Akiba Isiyooza: Uwekevu wa Nyumbani katika Korogwe ya Kale

Methali isemayo "Akiba haiozi" hutajwa siku hizi juu ya fedha, na aisikiaye huwaza shilingi zilizotiwa kibubuni au benki. Hata hivyo yafaa kitenzi chake kitazamwe vema. Fedha haina tabia ya kuoza, wala haijasikika kwamba mtu aliogopa reale yake isije ikaota ukungu. Kiozacho ni mtama ulionyeshewa, ni muhogo uliokawia kuanikwa, ni mahindi yaliyoingiwa na fukusi. Yaelekea basi kwamba methali hii asili yake ni ghalani, si mfukoni. Ndivyo ilivyo nduguye isemayo "Haba na haba hujaza kibaba", kwa maana kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, na hakuna aliyepata kupimia sarafu kwa kibaba. Lugha ya uwekevu katika Kiswahili ni lugha ya chakula, na fedha ilipokuja iliazima maneno ambayo yalikwisha kuwa na kazi yao. Jinsi fedha ilivyoingia mahali pa nafaka, na hasara iliyopatikana katika kubadilishana huko, ni habari iwezayo kufuatwa kwa karibu katika Korogwe ya Kale.

Mji huo uko katika bonde la mto ambao watu wa bara huuita Ruvu na watu wa pwani huuita Pangani. Wazungu waliopita huko katika karne ya 19, na miongoni mwao Oscar Baumann, aliyeandika juu ya Usambara na nchi jirani katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1891, waliwakuta Waruvu, jamaa za Wazigua, wakikaa katika visiwa vya mtoni, maji yakiwa ndiyo boma lao. Upande wa kaskazini imesimama milima ya Usambara, ambako mvua ni nyingi; upande wa kusini umetandaa Uzigua hata Handeni, nchi ambayo mvua zake huja zikitaka, na zisipotaka haziji. Juu ya mto, Mazinde, ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka wa 1862, akitawala njia ya misafara iendayo Pangani. Kwa hiyo mtu wa Korogwe alikuwa kati ya nchi ya mvua na nchi ya ukame, na kati ya bara na pwani. Mahali namna hiyo watu hujifunza mapema kwamba mwaka wa shibe si ahadi ya mwaka ujao.

Akiba ya nyumba ilianzia juu ya mafiga. Darini, palipopita moshi kila siku, palitungikwa mahindi ya mbegu katika maganda yake, na moshi ukayakinga na wadudu. Nafaka ya kuliwa ilitiwa katika vihenge, na vitu vya thamani katika malindo ya magome ya miti. Kunde zilichanganywa na majivu zisitobolewe. Muhogo ulimenywa, ukakatwa vipande, ukaanikwa, ukawa makopa ambayo huweza kukaa miezi mingi na kusagwa unga siku ya haja. Moto wenyewe haukuachwa uzimike. Kinga lilifukiwa majivuni usiku, na asubuhi likafukuliwa. Kiswahili kina kitenzi maalumu cha kitendo kidogo kuliko vyote katika uwekevu huu: kucheleza, yaani kukiacha chakula kilale mpaka kuche. Kilichochelezwa huitwa mwiku au kiporo, na ambaye hakuacha kiporo hakuwa na cha kuwapa watoto kabla ya kwenda shamba. Hata neno dunduliza, yaani kuongeza kidogo kidogo mpaka kiwe kingi, halimhitaji tajiri. Kazi yake yaanza kwa mtu asiye na kitu.

Kazi zote hizo zilikuwa mikononi mwa wanawake. Kila mke alikuwa na mafiga yake, na mwenye mafiga ndiye aliyejua ni vibaba vingapi vilivyobaki na miezi mingapi iliyobaki mpaka mavuno. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, na labda ndiyo sababu watawala waliokuja baadaye hawakuiona.

Lugha hutofautisha wazi mwekevu na bahili. Mwekevu hutumia kwa kiasi ili kitu kisimpungukie. Bahili hukizuia kisimfae hata mwenyewe. Na mchoyo huwanyima wengine. Tofauti hii ilikuwa ni sheria ya maisha. Katika kijiji ambacho moshi wa jirani huonekana, haikuwezekana kula peke yako wakati wa njaa na ukabaki na jina jema. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa na ziada haikuificha yote. Sehemu iligeuzwa pombe kwa ajili ya watu waliokuja kulima pamoja, sehemu ikanunuliwa mbuzi, na mbuzi wakatolewa mahari. Kitu kilichokuwa kioze ndani ya kihenge kiligeuka kuwa deni la jirani na undugu wa mkwe, na mambo hayo mawili hayaingiwi na fukusi. Mwanahistoria James Giblin, katika uchunguzi wake juu ya Uzigua uliochapishwa mwaka wa 1992, ameeleza kwamba kabla ya utawala wa Wajerumani wakubwa wa nchi walikuwa na mali ya kuwalishia wafuasi wao siku za shida, na kwamba utawala wa kigeni, kwa kuwaondolea njia ya kupata mali hiyo, uliivunja kinga ya njaa pasipo kuweka nyingine mahali pake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba zamani hapakuwa na njaa. Katika miaka ya 1830 ukame uliwabana Wazigua hata wengine wakajitoa wenyewe, na watoto wao, kwa wafanya biashara wa pwani ili wapate kula. Wengi walipelekwa Somalia, wakatoroka, wakakaa kando ya Mto Juba, na wazao wao wakaihifadhi lugha ya Kizigua kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka wa 1991 baadhi yao walikimbilia Tanzania, na mwanzoni mwa karne ya 21 wakapewa makao Chogo, katika Wilaya ya Handeni, katika nchi ile ile ambayo babu zao waliuzwa kwa sababu ya pishi za mtama. Hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo ya akiba kwisha kabisa, na kila mwanamke aliyepanga makopa darini alijua alikuwa akikimbia nini.

Fedha haikuwa ngeni katika bonde hili. Misafara ilileta merikani, kaniki na shanga, na pamoja nayo reale ya Maria Theresa, rupia ya Kihindi na pesa za shaba. Lakini sarafu ilikuwa bidhaa moja kati ya bidhaa nyingi, na mtu aliweza kuzeeka pasipo kuihitaji. Jambo lililoigeuza kuwa lazima ni kodi. Kwa amri ya mwaka wa 1897 serikali ya Kijerumani iliweka kodi ya nyumba, na nyumba ya shamba ikatozwa rupia 3. Hapo mwanzo iliwezekana kulipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye serikali ikazidi kutaka fedha taslimu. Mtu aliyekuwa na vihenge vitatu vilivyojaa lakini hana rupia akaonekana mbele ya sheria kuwa ni maskini mwenye deni.

Hapo ndipo ilipoanza biashara mbaya ambayo bonde hili halikuisahau. Mwenye nyumba aliuza mtama baada ya mavuno, wakati kila mtu auza na bei iko chini, ili apate rupia za kodi. Kisha, vihenge vilipokauka kabla ya mavuno mengine, alinunua mtama dukani wakati kila mtu anunua. Kiswahili kimehifadhi istilahi mbili zinazofaa kuwekwa pamoja na habari hii. Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka kikafanya kichuguu. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawasawa na ukingo. Anunuaye hupenda tele, auzaye hupenda mfuto, na mwenye kuuza nafaka akiwa na haraka ya kodi hawezi kuchagua. Nafaka iliweza kutoka nyumbani kwa tele na kurudi kwa mfuto, na tofauti ya vibaba hivyo viwili ilikuwa hasara ambayo haikuonekana katika daftari la mtu yeyote.

Mwaka wa 1904 serikali ilichukua mamlaka ya fedha kutoka katika Kampuni ya Kijerumani, ambayo ilikuwa ikitoa sarafu zake tangu 1890. Pesa 64 zilizokuwa zikifanya rupia moja zikaondolewa, na mahali pake zikawekwa heli 100. Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo kwa mtu ahesabuye kwa kugawa nusu kwa nusu. Rupia ya pesa 64 hugawanyika 32, 16, 8, 4, kama vile pishi igawanyikavyo kuwa vibaba vinne, na akili iliyozoea kipimo cha nafaka iliikubali bila taabu. Heli 100 ukizigawa mara mbili wafika 25, na hapo nusu yake haipatikani. Mwanamke wa sokoni alilazimika kujifunza hesabu ya namna nyingine ili ajue kama ameibiwa.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha kufika. Ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka wa 1893, ukafika Korogwe mwaka wa 1902, ukaendelea Mombo na hatimaye Moshi. Mji mpya ukakua penye stesheni, na mji wa mtoni, ambao mpaka hapo ulikuwa ndio Korogwe, ukaanza kuitwa wa kale. Pamoja na reli ukaja mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka wa 1893, miche 62 tu ikiwa imepona safarini. Mashamba ya mkonge yalitaka watu. Mwaka wa 1907, katika Wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ikatolewa amri ya kadi: kila mwanamume afanye kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Katika nyakati za Waingereza kipande cha mkonge nacho kilikuwa cha siku 30, na mshahara ulilipwa siku hizo zilipotimia.

Siku 30 si nyingi kwa mtu anayezihesabu ofisini. Mkulima huzihesabu vingine, kwa kuwa siku za kupanda si sawa na siku nyingine. Mvua ya kwanza ikimkuta mume shambani kwa mlowezi, palizi hukawia, na mavuno hupungua kwa kiasi ambacho mshahara hauwezi kukirudisha. Mara nyingi walowezi na maofisa walimshutumu mwenyeji kwamba hana habari ya kesho, na kwamba akipata rupia mbili huzila siku ile ile. Shutuma hiyo haina haki. Akiba yake ilikuwa ni nafaka, mifugo na nguvu za watu. Nafaka ilikwenda kununua rupia za kodi, ng'ombe walikwisha kuanguka kwa sotoka katika miaka ya 1890, na nguvu za watu ziliandikwa katika kadi. Aliyenyang'anywa mbegu hawezi kulaumiwa kwamba hapandi.

Hata hivyo watu walijifunza kuweka fedha, na walifanya hivyo kwa vyombo walivyokuwa navyo. Mwanamume alifutika rupia kibindoni, yaani katika kikunjo cha nguo kiunoni. Mwanamke akaifunga katika pindo la kanga. Sarafu nyingine zilifukiwa chini ya sakafu ya udongo, mara nyingi karibu na mafiga, mahali pale pale palipokuwa pa akiba ya zamani. Kibubu cha udongo, chenye tundu la kuingizia lakini kisicho na la kutolea, jina lake lakumbusha bubu asiyeweza kusema siri. Na kwa kuwa hakifunguki ila kwa kuvunjwa, kilimlazimu mwenyewe kufikiri mara mbili.

Kisha vikaja vita vya 1914. Koloni ilizungukwa baharini, sarafu zikapungua, na Wajerumani wakaanza kuchapa noti za muda hapa hapa nchini, nyingine kwa karatasi duni iliyopatikana. Mwaka wa 1916 wakagonga hata sarafu katika karakana ya reli Tabora. Watu walilipwa noti hizo kwa nafaka yao na kwa kazi yao. Katika Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kwa bonde la Ruvu, yakashika Korogwe, yakaendelea Handeni. Chakula kilichokuwa katika njia ya majeshi kilichukuliwa na pande zote mbili, na wanaume wengi wakatolewa kuwa wapagazi. Baada ya Wajerumani kushindwa, zile noti za vita hazikununua kitu tena. Mwishoni mwa 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki; mwaka wa 1920 ikatoka florini mahali pa rupia; na mwaka wa 1922 ikaja shilingi, florini 1 ikihesabiwa shilingi 2.

Jambo hili linastahili kutazamwa na mwenye nyumba ya Korogwe ya Kale, si na mwenye benki. Katika muda wa miaka isiyozidi minane aliona heli, noti za vita, florini na shilingi, na kila mara aliambiwa kwamba hii ndiyo fedha ya kweli. Aliyefukia noti za mwaka wa 1916 alifukua karatasi iliyoliwa na mchwa, na hata kama mchwa hawakuigusa, ilikuwa imekufa. Mbegu iliyotungikwa juu ya moto mwaka wa 1914 ilipandwa 1915, ikazaa. Akiba iliyosifiwa kuwa haiozi ndiyo iliyooza, na ile iozayo ikawa ndiyo iliyobaki. Ikiwa baada ya hapo watu wa bonde hili walikawia kuamini kitabu cha akiba, hawakuwa wajinga. Walikuwa na ushahidi.

Benki ya Akiba ya Posta ya Tanganyika ilianzishwa mwaka wa 1925. Iliwafaa makarani, walimu na askari, watu wenye mshahara wa mwezi na maandishi. Kwa mama auzaye muhogo wa kuchemsha ilikuwa mbali, si kwa maili tu. Kwake chombo kilichofaa zaidi kilikuwa upatu. Neno hilo ni jina la sahani ya shaba ipigwayo ngomani, na pia ni jina la mchezo ambao watu kadhaa hutoa kila mmoja kiasi kilicho sawa, na jumla hupewa mmoja wao kwa zamu. Wataalamu wa lugha watapenda kufikiri jinsi maana ya pili ilivyotoka katika ya kwanza. Sahani ni chombo cha kukusanyia, na labda hapana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Lililo muhimu ni kwamba upatu uliihamisha ile kanuni ya kale, ya kuweka akiba ndani ya watu, ukaitia katika fedha. Hauna riba, wala kitabu. Dhamana yake ni haya ya mtu mbele ya wenziwe. Na kwa kuwa makambi ya mkonge yalijaa watu waliotoka mbali, ambao walihitaji kulishwa, wanawake waliouza chakula walipata senti zao wenyewe za kutia upatuni. Hivyo mkonge uliomchukua mume mashambani ulimpa mke, pasipo kukusudia, fedha ambayo haikupitia mikononi mwa mume.

Bei ya mkonge ilianguka baada ya 1929, mishahara ikapunguzwa, na nzige wakaja juu ya hayo. Serikali ya Kiingereza ikahimiza sana kilimo cha muhogo, na katika jambo hili yapasa isifiwe kwa kiasi, kwa kuwa wanawake wa bonde walikuwa wakianika makopa kabla ya kuwako serikali yoyote. Muhogo una sifa moja ambayo mtama hauna: waweza kuachwa ardhini hata utakapotakiwa. Shamba la muhogo ni ghala lisilo na mlango, na nzige wakila majani yake hawaufikii mzizi. Baadaye shuleni likaja somo la sayansi kimu, lililowafundisha wasichana kupanga matumizi ya nyumba, kupika kwa kiasi na kuhifadhi chakula. Neno lenyewe ni jema, latoka katika kitenzi kimu, kutosheleza mahitaji. Ila si neno tu lililopata kuwa la zamani kuliko somo.

Mwaka wa 1967 Azimio la Arusha lilizifanya benki kuwa mali ya umma, na mashamba mengi ya mkonge yakafuata katika mwaka huo huo, wakati ambapo nyuzi za viwandani zilikuwa zimekwisha kuanza kuinyang'anya katani soko lake. Kibaba kimeondoka sokoni, na mahali pake pameshikwa na kilo na kopo. Hata hivyo kopo nalo hujazwa kichuguu au hufutwa, na mabishano ni yale yale. Benki ya Akiba ya Posta ilibadilika mara kadhaa, ikawa Benki ya Posta Tanzania kwa sheria ya mwaka wa 1991. Mwaka wa 2019 benki hiyo, pamoja na kampuni ya simu ya Vodacom, ilianzisha huduma ya vikundi vinavyochanga na kukopeshana kwa njia ya simu, ambayo wanakikundi huiona hesabu yao yote kwa pamoja, wala mtu mmoja hawezi kuzitoa fedha pasipo wenziwe kukubali. Ikapewa jina la M-Koba, yaani mkoba, kifuko cha ngozi ambacho wasafiri wa misafara ya Pangani walikining'iniza begani.